Je, theluji inaweza kuanguka Lemera?

Ndugu zetu walio Kanada na Marekani wanatutumia picha za theluji inayofika magotini, na watoto wanatuuliza darasani: kwetu itaanguka lini?

Tunawajibu hivi. Kila tukipanda mita 1000, joto hupungua digrii 6 hivi. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi. Kilele cha Margherita, katika milima ya Ruwenzori, kina mita 5109. Huko ni baridi kupita Uvira kwa digrii 26 hivi, ndiyo maana barafu inakaa mwaka mzima, ingawa inazidi kupungua. Sisi wa Lemera tuko juu ya bonde la Ruzizi na asubuhi tunavaa sweta, lakini bado tuko chini sana. Theluji ikianza kushuka huku, huyeyuka njiani na kutufikia ikiwa mvua.

Basi yale mawe meupe yanayopiga mabati yetu ni nini? Ni mvua ya mawe: maji yaliyoganda ndani ya wingu refu, yakaanguka haraka kabla ya kuyeyuka. Hayo ndiyo ya kuogopa, maana kwa dakika chache hupasua majani ya maharagwe na ya mihogo.

Kwa hiyo tusipande mbegu zote siku moja. Tubakize kidogo nyumbani. Na radi ikilia, mtoto asijifiche chini ya mti, aingie nyumbani. Maharagwe tutapanda tena, mtoto hapandwi.