Wembe wa Nini Katika Mkoba wa Mzazi? (Usafi wa Mja Mzito, Sehemu ya Nne)

Tangu Oktoba 2024, Linda Mama, mpango wa serikali wa kuwalipia wazazi hospitalini, ilipoondoka na nafasi yake kushikwa na Linda Jamii chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), gumzo la uzazi hapa Pwani ya Kenya limekuwa la fedha. Shilingi 10,000 kwa anayejifungua kwa njia ya kawaida, 30,000 kwa anayepasuliwa. Hospitali gani imelipwa, ipi inadai. Redioni ni hayo, mabarazani ni hayo, na huku Kuruwitu kina mama wanaulizana kama wakifika hospitalini Vipingo usiku usajili wao utaonekana kwenye mashine au wataambiwa mtandao umekatika. Sina ugomvi na gumzo hilo. Ila limefukua karatasi moja ambayo nimekuwa nikiifukuzia tangu nikiwa mwalimu wa wauguzi: orodha ya vitu anavyoambiwa mama aje navyo. Pamba, leso, beseni, sabuni, pedi, kibanio cha kitovu, glavu. Na wembe.

 Leo nataka kuuandama wembe huo.

Wembe una kazi yake halali. Vifurushi vya kujifungulia kwa usafi ambavyo UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa, imekuwa ikivigawa katika nchi nyingi huwa na sabuni, karatasi ya nailoni ya kulalia, uzi wa kufungia kitovu na wembe mpya wa kukikatia, ili mtoto asipate pepopunda. Kwa anayezalia nyumbani, au anayezidiwa njiani juu ya bodaboda katikati ya mashamba ya mkonge, wembe mpya ndani ya karatasi yake ni kinga. Lakini muulize mama wa mimba ya kwanza ameambiwa wembe ni wa nini. Wengi watakujibu, macho chini, kwamba ni wa kujinyoa kabla hajaingia leba, asije akafokewa.

Fikra kwamba mzazi hawezi kuzaa salama mpaka anyolewe kinena imetoka wapi? Haikutoka Takaungu wala Mtwapa. Chimbuko lake ni hospitali za Ulaya, na kisa chake ni cha aibu.

Turudi Vienna mwaka 1847. Hospitali kuu ya mji huo ilikuwa na wadi mbili za kuzalia. Ya kwanza walijifunzia madaktari wanafunzi, ya pili wakunga. Katika wadi ya madaktari homa ya uzazi ilikuwa ikiwafagia wanawake. Aprili ya mwaka huo walikufa 18.3 kwa kila mia. Wadi ya wakunga ilikuwa na vifo vichache zaidi, na mji mzima ulilijua hilo, hata wanawake walikuwa wakilia na kuomba wasipelekwe ile ya kwanza. Daktari Mhungaria, Ignaz Semmelweis, alikaa akitafuta sababu na kukosa, mpaka rafiki yake Jakob Kolletschka alipochomwa kwa kisu wakati wa kupasua maiti, akafa kwa dalili zile zile za wazazi. Hapo ndipo Semmelweis alipong'amua. Wanafunzi walikuwa wakitoka kupasua maiti na kuingia moja kwa moja kuwapima wazazi. Katikati ya Mei aliwaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini. Juni vifo vikashuka hadi 2.2 kwa mia.

Nimewasomesha wauguzi kisa hiki miaka na miaka na bado hunipandisha mori. Mkosaji alikuwa mkono wa daktari. Na wenzake walifanya nini? Walimkebehi, wakamsukuma nje ya kazi, naye akafia katika hospitali ya wenye wazimu mwaka 1865. Baadaye, elimu ya vijidudu ilipokubalika na Joseph Lister akawa amefundisha kuua vijidudu katika upasuaji, hospitali zilianza kutafuta uchafu kila mahali, na macho yao yakatua juu ya mwili wa mzazi. Nywele zikawa mshukiwa. Mwanamke akifika hospitali ananyolewa, anapigwa bomba la haja, analazwa chali. Madaktari walichelewa kuosha mikono yao, lakini kumnyoa mwanamke hawakuchelewa! Waingereza walipoanzisha hospitali za uzazi katika nchi hii (Pumwani ya Nairobi ilianza 1926) waliziendesha kwa taratibu za kwao, na wauguzi wetu wakazipokea kwa kukariri.

Ukitaka kujua jinsi biashara nayo ilivyochangia, tazama miaka. King Camp Gillette alianza kuuza wembe wake wa kutupa mwaka 1903. Kufikia 1915 kampuni yake ilikuwa tayari imetoa mashine ya kunyolea ya wanawake. Kabla ya hapo kinyozi alikuwa na kisu chake na jiwe la kunolea. Sasa kila nyumba iliweza kuwa na makali, na kila wadi pia.

Ajabu ni kwamba ushahidi dhidi ya desturi hiyo una zaidi ya miaka mia. Mwaka 1922 huko Marekani, Johnston na Sidall walichapisha matokeo ya wazazi 389, wengine wamenyolewa, wengine hawakunyolewa. Walionyolewa hawakupata nafuu yoyote ya homa. Mwaka 1965 Kantor na wenzake wakarudia kwa wazazi 150, jibu lile lile. Mwaka 2005 watafiti wa Thailand wakafanya kwa wazazi 500, jibu lile lile. Shirika la Afya Duniani liliandika waziwazi katika mwongozo wake wa 2018 kwamba kumnyoa mzazi kama kawaida ya wadi kabla ya kujifungua hakupendekezwi. Bomba la haja nalo limekataliwa hapo hapo.

Upande wa upasuaji mambo ni makali zaidi. Mwaka 1971 Seropian na Reynolds walionyesha kwamba vidonda vya wagonjwa walionyolewa kwa wembe vilipata maambukizi 5.6 kwa kila mia, na wale ambao hawakunyolewa, au walioondolewa nywele kwa dawa, 0.6 tu. Sababu yake ni nyepesi kuelewa. Wembe huikwaruza ngozi michubuko midogo isiyoonekana kwa macho, na vijidudu vinavyokaa juu ya ngozi hupata mlango. Ndiyo maana mwongozo wa upasuaji wa 2016 wa Shirika la Afya Duniani unasema nywele ziachwe, au zikibidi kuondolewa zipunguzwe kwa mashine, wembe usiguse.

Hapa najua nitaulizwa juu ya dini, nami napenda kuulizwa. Kuondoa nywele za kinena na kwapa ni katika mambo ya maumbile aliyoyataja Mtume, na kwa upokezi wa Anas bin Malik uliomo katika Sahih Muslim, muda wa mwisho wa kuziacha ni usiku arubaini. Siku ya uchungu haikutajwa. Mja mzito aliyejipunguza wiki tatu kabla yuko ndani ya muda wake, na hana haja ya kuchuchumaa bafuni na wembe huku uchungu unamkata kiuno kwa sababu fulani atasema nini. Bibi zetu walilijua hili la kujipamba kwa hiari. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, alipomtungia bintiye utendi mnamo 1858 naye mgonjwa, alimuusia hina na manukato, na akamwagiza hata mume naye anyolewe na kutengenezwa ndevu. Usafi ulikuwa wa watu wawili wanaoheshimiana. Haukuwa adhabu ya kumtolea mwanamke mlangoni mwa wadi.

Kwa maana adhabu ndiyo imekuwa. Katika wadi moja ambayo sitaitaja nilimsikia muuguzi akimwambia msichana aliyekuja kuzaa mara ya kwanza, mbele ya wenzake, "Wewe dada, kwenu hakuna wembe?" Msichana alijifunika uso kwa leso. Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba mama aliyejifungulia sakafuni na kutukanwa na wauguzi mwaka 2013 alivunjiwa haki zake za kikatiba, ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5. Hukumu ile ingebandikwa kila wadi ya uzazi kutoka Mtwapa hadi Malindi. Mwanamke akiogopa kufokewa kwa nywele zake, atakawia nyumbani, na kukawia nyumbani kunaua.

Nimeombwa pia niseme la kufanya, na nafasi imebaki kidogo. Mama, nywele zako zikizidi wakati wa mimba, hata tumboni na kidevuni, usishtuke. Ni homoni, na nyingi zitaondoka zenyewe miezi michache baada ya kuzaa. Kupunguza au kuacha ni hiari yako. Ukitaka kupunguza, tumia mkasi mdogo safi au mashine yenye kichana, ukiwa umekaa, si kusimama kwenye sakafu yenye maji. Miezi ya mwisho tumbo linaziba macho, kwa hiyo tumia kioo au msaada wa dada, somo au mumeo. Ukishikilia wembe, uwe mpya na wako peke yako, kwani ukimwi na homa ya ini aina ya B hupita kwenye damu iliyobaki juu ya makali. Dawa ya kuondolea nywele ijaribu kwanza mkononi, na isifike ndani. Nta ya sukari na ndimu haikatazwi, ila ngozi ya mja mzito imejaa damu na maumivu huwa makali. Isipakwe palipovimba mishipa. Kipele kikigeuka jipu, nenda kliniki, hasa kama una kisukari cha mimba. Na ukiwa umepangiwa upasuaji, siku za mwisho usijinyoe kabisa. Waachie watu wa thieta.

Karatasi ya orodha ukipewa, uliza kwa adabu: bi nesi, wembe huu ni wa nini? Akisema ni wa kitovu, nunua mpya na umkabidhi ukiwa haujafunguliwa. Akisema ni wa kujinyoa, mwombe akuonyeshe mwongozo unaosema hivyo. Watu wa Kuruwitu si wageni wa kuacha mazoea wakishaona ushahidi: wavuvi wenyewe walikubali kufunga kipande cha bahari yao samaki walipoadimika, na mwaka 2017 wakapewa Tuzo ya Ikweta ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Wanaoandika orodha za hospitali wana kazi ndogo kuliko hiyo, kufuta neno moja.

Sehemu ya tano itaingia kwenye nywele za mtoto: kunyolewa siku ya saba, mizani ya fedha, na utosi laini ambao kinyozi mwenye haraka hapaswi kuukaribia.