Anayemlea Mwanao Mchana, Nani Anamkagua?

Katika mitaa ya Kariakoo, Gerezani na Buguruni akina mama wengi hutoka alfajiri kwenda kwenye biashara. Mtoto hubaki kwa mama wa jirani anayelea watoto kwa malipo ya siku. Msaada huo ni mkubwa. Lakini chumba kikiwa kimoja na watoto wengi, kuhara na surua huenea upesi. Tena wako walezi wanaowapa watoto dawa ya mafua ili walale. Hiyo ni hatari. Mtoto aweza kushindwa kupumua.

Sheria yasemaje?

Mwaka 1981 Bunge lilitunga sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana. Mwaka 2009 nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Mtoto, Na. 21. Kibali cha kituo hutoka kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, yaani Serikali Kuu. Lakini sheria hiyohiyo inaipa halmashauri wajibu wa kulinda watoto wote wa eneo lake. Kwa Ilala, halmashauri hiyo tangu 2021 ni Jiji la Dar es Salaam.

Je, nani afaa zaidi kusimamia? Kamishna huweka kipimo kimoja kwa nchi nzima, ili mtoto wa Buguruni asilindwe pungufu kuliko wa Upanga. Lakini hawezi kuona choo cha uani. Afisa ustawi wa jamii, bwana afya na mwenyekiti wa mtaa wako karibu, wao huona. Ila aliye karibu huweza kumwonea haya jirani yake. Kwa hiyo wote wawili wanahitajika.

Tusisahau pia kwamba mlezi maskini akitishwa tu kwa kukosa kibali, atajificha, na watoto watabaki gizani pamoja naye. Afadhali aelekezwe kwanza namna ya kutimiza masharti.

Kabla ya kumwacha mtoto, tazameni haya:

1. Je, kuna kibali? Ombeni kukiona.
2. Watoto ni wangapi, na walezi wangapi?
3. Maji ya kunywa yamechemshwa? Kuna sabuni karibu na choo?
4. Jiko, mafuta ya taa na dawa viko mbali na watoto?
5. Je, mlezi huuliza kadi ya kliniki? Chanjo ya surua hutolewa miezi 9 na tena miezi 18.

Mtoto akirudi amelegea, ana usingizi usio wa kawaida au anaharisha, msingoje kesho. Mleteni kituo cha afya.

Mkiona mtoto anateswa au kuachwa peke yake, toeni taarifa ofisi ya mtaa au kwa afisa ustawi wa jamii. Sheria ya 2009 inaufanya huo kuwa wajibu wa kila mwanajamii. Si umbeya; ni kuokoa maisha ya mtoto.