Duka la Kamera Haliuzi Jicho

Wiki haipiti bila kijana kunisimamisha: "Mwalimu, ninunue kamera gani filamu yangu iwe na sanaa?" Upole umeniisha.

Imani kwamba ukiwa na 4K, droni na rangi za kupakua mtandaoni tayari wewe ni mwongozaji mwenye mkono wake, imetuletea filamu chungu nzima za aina moja. Zinaanza na Dar es Salaam kutoka angani, Daraja la Tanzanite linametameta, halafu tunashushwa sebuleni, watu wawili wanagombana kwenye kochi. Droni ilifuata nini kule juu? Mwongozaji mwenyewe hajui. Alikuwa nayo, akairusha.

Mtazame Ousmane Sembène wa Senegali. Filamu yake La Noire de..., ya mwaka 1966, haina hata rangi, na inachukua kama saa moja tu. Diouana, dada wa kazi, anawapa mabosi wake Wafaransa kinyago cha kuvaa usoni. Nyumbani kwao Dakar kinatundikwa pamoja na vinyago vingine, pambo tu. Wakiwa Antibes, Ufaransa, kiko peke yake kwenye ukuta mweupe, kama Diouana mwenyewe ndani ya fleti ile. Hakuna anayetufafanulia. Diouana anajiua, bosi anakirudisha kinyago Dakar. Mtoto anakivaa na kumfuata nyuma. Hatukani, hashiki jiwe. Bosi anageuka, anaongeza mwendo, anageuka tena, mpaka kwenye gari.

Kinyago kimoja, maana tatu. Kukipiga picha, kamera yoyote ingeweza. Kuamua kitundikwe wapi na kirudi lini, hapo ndipo alipo mtunzi. Mwaka 1954, katika jarida la Cahiers du cinéma, mhakiki wa filamu Mfaransa François Truffaut aliwashambulia waongozaji wanaopokea hadithi iliyokwisha kuandikwa na kuipachika picha tu. Hakuwa akibishania lenzi.

Sasa la kufanya, upesi. Azima simu. Chagua kitu kimoja, kionyeshe mara tatu, kila mara kibebe jambo jipya. Zima sauti: hadithi bado inaeleweka? Shoti usiyoweza kuitetea, kata, hata kama iligharimu droni. Tazama filamu moja nzuri mara tano badala ya tano mara moja moja. Kisha njoo na swali la kamera, na uniambie kwanza unataka kuisimamisha wapi.