Bonyeza, achia

Jumamosi ile nilikuwa na wageni wanane na kilo mbili za vitunguu. Kwa kawaida pilau ya watu wengi hunikalisha na kibao tangu asubuhi, macho yakinitoka machozi. Siku hiyo sikuwa na haraka. Juu ya meza palikuwa na chopa mpya ya umeme ya kukatia vitunguu niliyoinunua Kariakoo, na muuzaji alikuwa ameniapia kwamba ndani ya dakika moja kazi imekwisha.

Hakusema uongo. Nilimenya vitunguu, nikajaza bakuli mpaka kifuniko kikakataa, nikakilazimisha, nikabonyeza. Mashine ikanguruma. Nilipofungua nikakuta uji mweupe wenye povu.

Nikajipa moyo kwamba kitunguu ni kitunguu, nikaumimina kwenye mafuta ya moto. Ukarusha matone hadi ukutani, ukatoa maji, ukaanza kutokota. Muda ukaenda, rangi haikuja. Kilichokuja ni kushika chini ya sufuria. Shangazi yangu, aliyetoka Tanga kuja kunisaidia, akachungulia.

"Mwanangu, leo tunapika pilau au tunapika uji?"

Wageni walikula, na kwa adabu yao wakasifu nyama.

Pilau huchukua rangi yake kwenye kitunguu, na kitunguu hakigeuki kahawia mpaka maji yake yakauke. Ukikikata vipande vyembamba kwa kisu, maji mengi hubaki ndani na hutoka taratibu kwenye mafuta. Chopa hufanya kazi kwa njia nyingine. Visu vyake hupita palepale tena na tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja, na kila vikipita vinapasua zaidi. Maji yote hutoka kwa pamoja, na badala ya kukaanga unajikuta unachemsha. Hata ladha hubadilika: kitunguu kilichosagika sana huwa kikali, mara nyingine chenye uchungu.

Kinachotutoa machozi nacho ni kupasuka kulekule. Kitunguu kikikatwa, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa hukutana na viasili vyenye salfa, hewa inayowasha ikazaliwa na kupanda machoni. Kwenye chopa hewa hiyo hunaswa chini ya kifuniko. Basi usifungue huku umeinamia bakuli. Geuza uso kwanza.

Sikuirudisha mashine dukani, na aliyenizuia ni shangazi huyohuyo niliyedhani angeicheka. Kesho yake aliiosha, akaigeuzageuza, akakata kitunguu kimoja vipande vinne na kuvitia. Akabonyeza, akaachia. Akatikisa bakuli kidogo, akabonyeza tena, akaachia. Mara nne tu. Ndani mlikuwa na chembe ndogondogo, kavu, zinazolingana.

"Sikiliza," akaniambia. "Mwanzo inagonga. Ikianza kuimba, umeshachelewa."

Ni sikio la kinu hilo. Aliyetwanga thomu miaka mingi haangalii ndani. Mchi ukigonga kavu anaendelea, mlio ukilainika anajua imeiva. Chopa nayo husema. Vipande vikiwa vikubwa utasikia vinagonga ukuta wa bakuli; ngurumo ikiwa laini, jua unatengeneza uji.

Tangu siku hiyo nimegawa kazi. Kitunguu cha pilau ni cha kisu. Kachumbari pia, kwa sababu nyanya ndani ya chopa huwa supu. Kitunguu cha sambusa naweza kukitia, ila nakikamua kwenye kitambaa safi, la sivyo maji yake hulowesha manda na sambusa zikapasuka kwenye mafuta. Chopa nimeiachia thomu, tangawizi, pilipili, kotimiri iliyokauka maji, kitunguu cha mchuzi, na nyama kidogo isiyo na mfupa kwa ajili ya kababu. Mdalasini na barafu hazimo. Vitu vigumu namna hiyo huua makali.

Thomu ina masharti yake. Punje mbili tu huruka na kuganda kwenye ukuta wa bakuli, visu vikazunguka hewani. Saga kiasi cha wiki nzima pamoja na tangawizi na mafuta kidogo, ukikwangua pembeni kwa mwiko baada ya kuchomoa waya. Kisha gandisha kwenye trei ya barafu, uwe unachukua kipande kimoja kimoja. Usiiache kabatini: thomu iliyozama kwenye mafuta bila baridi inaweza kuotesha vijidudu vya sumu visivyo na harufu.

Wanaoogopa kumaliza umeme wa LUKU watulie. Mashine ya wati 300 ikizunguka nusu dakika kila siku, kwa mwezi mzima haifiki hata sehemu ya kumi ya yuniti moja. Cha kuogopa ni mota ndogo kulazimishwa kwenda mfululizo. Ukisikia harufu ya kuungua, ipumzishe ipoe.

Na ogopa visu. Vinakata sana pale visipoonekana, yaani chini ya povu la sabuni kwenye beseni. Vioshe peke yake, mara tu baada ya kazi, ukivishika kwenye shina la plastiki, kisha viweke mbali na watoto. Bakuli likishika rangi ya manjano, lianike juani, jua hufifisha.

Juzi nilipika pilau tena. Vitunguu nilivikata kwa kisu, machozi yakanitoka kama zamani, na vikageuka kahawia nikiviona. Thomu na tangawizi nikavitia kwenye chopa. Mlio ulipoanza kulainika, sauti ikatoka sebuleni alikokuwa shangazi amejilaza:

"Toa kidole!"

Nilikuwa nimeshakitoa.