Njia, Omuhanda na Barabara: Historia ya Neno katika Karagwe na Kyerwa

Wanaisimu wa lugha za Kituruki wamezoea kulitumia neno la njia kuwa mfano wa mlingano wa sauti: Kituruki yol, Kikazaki jol, Kiyakuti suol. Sauti za mwanzo zinatofautiana, lakini zinatofautiana kwa utaratibu uleule katika maneno mengine, na kwa sababu hiyo asili moja inakubalika. Je, kipimo hicho kikitumiwa katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, ambako Kinyambo kinakutana na Kiswahili, na majirani ni Kihaya, Kinyankole na Kinyarwanda, kitaonyesha nini?

Mahali pa kuanzia ni njia. Neno hili limetokana na mame-Bantu *-jɪda, na ndugu zake wameenea mbali: Kikuyu njĩra, Kishona nzira, Kilingala nzela. Kinyarwanda kina inzira. Mlingano wa inzira na njia si wa kubahatisha, kwani unarudiwa katika inzara na njaa: nz ya Kinyarwanda hulingana na nj ya Kiswahili, na r ya Kinyarwanda husimama pale ambapo Kiswahili kimeipoteza konsonanti.

Katika Kinyambo, hata hivyo, neno la kawaida ni omuhanda, kama ilivyo katika Kinyankole. Tofauti hii inaonekana wazi katika tafsiri za Biblia. Katika Yohana 14:6, pale ambapo Kiswahili kina njia, Kinyarwanda kimechagua inzira, Kinyankole omuhanda, na Kiganda kkubo. Lugha nne zilizo jirani zimetumia mashina matatu kwa dhana moja.

Omuhanda limetoka wapi? Mtu anayesikiliza juujuu hataliona lolote la Kiswahili ndani yake. Lakini h ya Kinyankole na Kinyarwanda hulingana na p ya Kiswahili: -ha na -pa, ihembe na pembe. Kwa kanuni hiyo -handa italingana na panda, yaani kitu kilichogawanyika kama tawi, ambalo Kiswahili kimelihifadhi katika njia panda. Tofauti ya ngeli (mu-/mi- kwa upande mmoja, N- kwa upande wa pili) si kikwazo, kwa kuwa shina moja huweza kuingia ngeli mbalimbali. Kinachobaki kuwa dhana ni upande wa maana: kwamba jina la mahali njia inapogawanyika lilipanuka na kuwa jina la njia yenyewe. Kanuni za sauti zinaliruhusu jambo hilo, lakini hazilithibitishi.

Oruguuto, neno la Kinyankole la barabara pana, ni fundisho la kinyume. Linafanana mno na Kiganda oluguudo, lakini t na d hazilingani kwa kawaida katika lugha hizi. -Tuma ni -tuma kotekote. Mfanano wa aina hii, usiofuata kanuni, huashiria mkopo zaidi ya urithi. Mwenye haraka ya kuunganisha maneno angeliweka oruguuto mbele na kulitupa omuhanda, naye angekosea mara mbili.

Barabara ni mgeni. Kiajemi barābar, yaani "kifua kwa kifua", kisha "sawa", kimeingia Kituruki kuwa beraber, "pamoja", na Kiswahili kuwa kielezi barabara, "sawasawa". Je, nomino ni neno hilohilo? Mkazo unatia shaka: nomino huufuata utaratibu wa silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali kielezi hutamkwa na wengi kwa mkazo katika silabi ya tatu kutoka mwisho. Lakini maana ya "njia iliyosawazishwa" haiko mbali, na nomino iliyozoeleka huweza kuutii mkazo wa Kiswahili.

Misafara kutoka Tabora ilikuwa ikipita Karagwe kuelekea Buganda kabla Speke hajapokewa na Rumanyika mwaka 1861, na Kafuro palikuwa na kituo cha wafanyabiashara Waarabu. Kwa hiyo Kiswahili kilifika huko kikiwa lugha ya njia kabla ya kuwa lugha ya shule. Barabara limeenda mbali kiasi cha kuvikwa kiambishi katika Kirundi, ibarabara. Kamusi ya Kinyambo inayoliandika omuhanda na kulifasiri kwa neno barabara peke yake inafuta tofauti hii yote: mwanafunzi wa Kyerwa ataijua lami ya Kyaka hadi Bugene, lakini hatapata jina la njia inayotoka mgombani hadi kisimani.