Siku Moja ya Kujitolea Lusahunga, na Bibi Anayebaki na Mtoto

Ukitoka Nyakanazi, malori ya Kigali na mabasi ya Bukoba huachana Lusahunga, mkoani Kagera. Barabara moja inakata kwenda Biharamulo mjini, nyingine inaendelea Ngara hadi mpakani Rusumo, kilometa 90 na ushee. Senta yenyewe inaishi kwa wasafiri: magenge ya chakula, gesti, mafundi tairi. Na watoto wapo, wengine wameinua sahani za karanga dirishani mwa basi saa ambazo wenzao wako darasani.

Mtu wetu wa ughaibuni anayerudi likizo huwaona pale, na moyo humuuma. Ndipo kila inapokaribia Desemba linarudi swali lilelile kwenye kundi la WhatsApp la chama chetu: nikipata siku moja tu, niende kituo gani cha watoto nikajitolee? Siku ni moja kweli. Mtu amebeba boksi mwaka mzima, ana wiki tatu za likizo, na mbili zimeshaliwa na harusi na misiba. Wengine wanauliza kwa ajili ya watoto wao waliozaliwa huku ughaibuni, ambao shule zinawadai saa kadhaa za kujitolea kabla ya kumaliza.

Jibu langu litawaudhi baadhi yenu. Siku moja inatosha kufanya jambo la maana Lusahunga, ila sehemu kubwa ya jambo hilo haimhusu mtoto ana kwa ana. Inamhusu anayebaki naye wewe ukishapanda basi.

Tuanze na historia ya barabara hiyohiyo. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, takriban Wanyarwanda 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24, wakapiga kambi Benaco, wilayani Ngara. Chakula chao kilishuka kwenye treni pale Isaka, kikapandishwa malori, kikapita Lusahunga. Miezi mitatu baadaye wimbi jingine, kubwa zaidi, likaingia Goma, nchini Zaire ya wakati huo. Katika misukosuko ile yote watoto zaidi ya 100,000 walipotezana na wazazi wao. Goma yakafunguliwa makao mengi ya kuwapokea, na wafanyakazi wa misaada wakaja kugundua jambo gumu: baadhi ya watoto walikuwa wamepelekwa pale na wazazi wao wenyewe, kwa sababu makaoni kulikuwa na chakula na dawa, na kwenye turubai la mama hakukuwa na kitu. Msaada ulipowekwa mbali na familia, mtoto aliufuata, akaiacha familia nyuma.

Hilo halikuishia kambini. Mwaka 2009 Save the Children walieleza kwamba, duniani, watoto wanne kati ya watano walio kwenye makao wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Umaskini ndio uliowafikisha huko. Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mwaka 2022 ikatoa mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Tanzania nayo, chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, inataka makao yawe na leseni na mtoto aingizwe kupitia ustawi wa jamii, makao yenyewe yakiwa kimbilio la mwisho baada ya ndugu na familia za kuaminika. Kwa hiyo mtu akikuambia ana "kituo cha yatima" nyumbani kwake na anapokea wageni na zawadi, muulize leseni kabla hujauliza idadi ya watoto. Kuuliza hivyo ni haki yako, na mwenye kituo halali hatanuna.

Kuna pia suala la mapenzi ya siku moja. Wataalamu wa utafiti ulioanza mwaka 2000 huko Bucharest, Romania, uliofuatilia watoto 136 waliolelewa kwenye taasisi, waliona wale waliohamishiwa kwa walezi wa familia wakikua vizuri zaidi kuliko waliobaki. Mtoto mdogo anahitaji mtu yuleyule leo, kesho na kesho kutwa. Ukija ukamkumbatia, ukapiga naye picha, jioni ukaondoka, na wiki ijayo akaja mwingine kufanya hivyohivyo, anachojifunza ni kwamba watu wazima huja na kuondoka. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi wa siku moja jembe hatulifikii kabisa.

Mfano wa kufanya vingine uko humohumo Kagera, mkoa ambao wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, na ambao ulizika wazazi wengi kuliko ulivyokuwa na shangazi wa kulea. Nshamba, wilayani Muleba, mradi wa Humuliza ulifanya kazi na watoto waliofiwa, na vijana wenyewe wakaunda chama chao, Vijana Simama Imara, wakachagua viongozi na kusaidiana. Kisha mwaka 2003 ukaanza mradi wa Kwa Wazee, uliowaangalia bibi na babu wanaolea wajukuu. Haukujenga bweni. Uliwapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi mkononi, shilingi 6,000 wakati huo, na nyongeza ya 3,000 kwa mjukuu. Tathmini ya 2008 ilipewa jina la vitu vitatu: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Ndivyo hela ilivyotumika. Nimesoma ripoti nyingi za misaada ya watoto, na sijaona nyingine ambayo jina lake peke yake linanionyesha jikoni kwa bibi.

Sasa siku yako. Ukitokea Mwanza safari imekuwa rahisi tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025; kivuko hakikuli tena nusu siku. Fika kwanza ofisi ya kata au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ukiwa umeshapiga simu wiki kadhaa kabla. Wao ndio wanaojua kaya inayoongozwa na bibi wa miaka sabini, na mtoto aliyeacha shule akaenda kuchekecha mchanga wa dhahabu. Waulize nini kimekwama. Mara nyingi utajibiwa kitu kisicho na picha nzuri: madawati mabovu, nauli ya kumfikisha mtoto kliniki, kompyuta ya ofisi iliyojaa virusi, daftari la mapato na matumizi ambalo hakuna aliyefundishwa kulijaza. Kama wewe ni mhasibu, fundi seremala au muuguzi, umeshapata kazi.

Elimu bila ada imekuwepo tangu 2016, lakini sare, madaftari na mchango wa uji bado vinamtoa mtoto darasani. Na bima: CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii) iliyoboreshwa ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Uliza kiwango cha sasa, maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inabadilisha utaratibu. Ila piga hesabu kwa kiwango kile. Nauli ya ndege ya mtu mmoja, tuseme shilingi milioni tatu, ingekatia bima kaya mia moja. Sisemi usiende, mama yako anakungoja. Nasema tu chama chetu kiiweke hesabu hiyo mezani kabla ya kuchangisha nauli za "safari ya watoto".

Mambo mawili ya sheria, haraka. Waliochukua uraia wa huku wajue kwamba kujitolea kuna kibali chake cha ukaazi, daraja C, na viza ya matembezi si kibali cha kazi hiyo. Waulize Uhamiaji kabla ya kusafiri. Na picha za watoto zisipigwe kabisa. Ukiona mtoto anaumizwa, namba ya bure ni 116.

Ama wale vijana wetu wanaodaiwa saa na shule zao, Desemba shule za msingi zimefungwa na kuta zinahitaji rangi. Mwalimu mkuu atawasainia fomu zao bila shida, mradi waje na brashi zao.