Lango la stima: Uliza kwanza waya wa ardhi

Mvua ya masika ikianza, mafundi wa malango ya stima huwa na kazi tele. Usiku hunguruma, radi ikapiga mahali fulani mtaani, na asubuhi mwenye nyumba akibonyeza rimoti lango linamtazama tu. Fundi akifungua kisanduku cha mota hukuta ubao wa elektroniki umeungua, ilhali nyumba yenyewe haikuguswa.

Kwa nini lango, msomaji, na wala si friji? Sababu ni nyaya. Kutoka nyumbani hadi langoni huenda pamezikwa kebo ya mita 20 au 30, na kando yake waya wa kengele ya wageni. Radi ikipiga hata kwa jirani, nyaya hizo ndefu hunasa nguvu yake kama eriali inavyonasa mawimbi ya redio. Nao ubao wa lango, katika sehemu zake nyingi, hutumia volti 24 au chini ya hapo. Isitoshe, stima iliyokatika ikirudi ghafla huweza kuja na msukumo unaopita kwa mbali zile volti 240 tulizozoea.

Basi wengi hukimbilia dukani kununua kinga. Wengine huchukua gadi ya friji, ambayo kazi yake hasa ni kukata stima inapopanda au kushuka, kisha ingoje dakika chache. Radi haingoji. Kinga halisi ya msukumo ina kidude ambacho siku za kawaida hakipitishi stima, lakini volti zikizidi kiwango hufungua njia, kufumba na kufumbua, na kuumwaga umeme huo wa ziada ardhini. Sasa utamwagwa wapi ikiwa waya wa ardhi haupo?

Na pengine kwako haupo. Ili kupunguza gharama, baadhi ya mafundi huvuta kebo ya nyuzi mbili badala ya tatu. Lango hufunguka vizuri, kila mtu akafurahi. Uzi uliokosekana ni ule wa kijani na manjano, na hasara yake si ubao pekee. Lango ni chuma, na hushikwa na kila mtu: bawabu, muuza maziwa, mtoto anayetoka shule akiwa amelowa chepechepe. Waya wenye stima ukichubuka ndani ya mota na kugusa chuma, lango zima huwa na volti 240, na fyuzi haikatiki kwa kuwa stima haijapata njia ya kurudi. Itaipata kwa atakayelishika.

Yuko fundi atakayekwambia hamna neno, atapigilia fimbo ya shaba hapo langoni. Fimbo ni nzuri, ila peke yake haitoshi. Udongo aghalabu haupitishi stima ya kutosha kukata fyuzi, sembuse wakati wa kiangazi, udongo mweusi wa Kitengela unapokauka na kupasuka. Tena radi ikipiga, ardhi ya langoni na ya nyumbani huwa na volti tofauti, na tofauti hiyo hufuata waya wa kengele hadi sebuleni. Fimbo hiyo sharti iunganishwe na waya wa ardhi wa nyumba. Ile desturi ya kumwaga chumvi shimoni nayo mimi siipendi. Chumvi hula viungo.

Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA. Mwambie aupime waya wa ardhi kwa mita, mbele yako, na aweke swichi ya kukata stima inapovuja miliampea 30. Hiyo ndiyo ya kumwokoa mtoto. Kinga ya msukumo ije baadaye, moja kwenye kebo ya stima na nyingine kwenye waya wa kengele, zikiwa karibu na ubao.

Kinga nayo huchoka kwa kila pigo. Nyingi zina kidirisha kidogo cha kijani. Kikigeuka chekundu, lango litaendelea kufunguka kama kawaida, lakini kinga yenyewe imekwisha kufa.